Mashua Inavuja: Zibeni Chini, Si Juu



Najua mtashangaa. Ukurasa huu unaandikwa hapa Noonkopir, kwenye vumbi na upepo wa mbuga, na leo unazungumza habari za mashua! Lakini hata hapa kwetu, mwaka wa 2024 Mto Athi ulipofurika, kuna watu wa Kitengela waliotolewa majumbani mwao kwa boti, na tangu siku hiyo sijasikia mtu akicheka boti.

Tena Noonkopir ni mji wa watu wa kila pembe. Kuna waliokuja kwa kazi za EPZ kule Athi River, wengine viwanda vya simenti, wengine ujenzi, wengine wanauza mboga sokoni. Wengi wameacha nyumbani kitu kidogo cha kuwaletea senti. Kikundi kimoja ninachokitembelea, karibu wote watu wa kando ya Ziwa Victoria, kitu chao ni mashua ya mbao. Iko kwenye bichi moja upande wa Homa Bay. Vijana wa huko wanaikodi kuvua omena usiku, na kila wiki fungu la mwenye chombo linatumwa kwa simu mpaka kwa mweka hazina. Pesa hiyo inaingia katika mzunguko, na imelipa karo ya watoto kadhaa.

Mwaka wa 2022 sakafu ya mashua hiyo ilioza. Kikundi kilichanga, mbao zikanunuliwa, sakafu mpya ikapigwa. Mwenyekiti akaniuliza, sasa tuzibe na nini maji yasiingie, na pesa imebaki kidogo? Mimi, bila kufikiri sana, nikasema: nunueni rangi ya lami, mimineni juu ya sakafu yote, na penye nyufa wekeni simenti. Nilikuwa nimeona paa la zege likizibwa hivyo na nikadhani maji ni maji. Wakafanya kama nilivyosema. Sakafu iling'aa nyeusi, safi, unaweza kulala juu yake.

Baada ya miezi tisa hivi nikapigiwa simu. Mashua ilikuwa imeanza kuwa nzito, inakwenda kama inavuta mawe. Usiku mmoja upepo ulivuma wakiwa mbali na ufuo, ikalalia upande na kukataa kurudi. Vijana walitaka kukumba maji, lakini maji ya kukumba hawakuyaona! Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Walirudi salama kwa kukaa wote upande mmoja na kupiga kasia polepole, nyavu wakaziacha ziwani. Asubuhi fundi mmoja mzee aling'oa ubao mmoja kwa mtaimbo. Chini yake maji yalikuwa yamejaa, meusi, yananuka. Nilipofika wiki iliyofuata aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mama, mliziba mashua, ama mliziba sakafu?"

Naandika haya ili kikundi kingine kisipite njia ile ile.

Mashua ya mbao ina sakafu mbili, na watu wengi wasio wa majini (mimi nikiwa wa kwanza) huona moja tu. Ya kwanza ni mbao za chini kabisa, zile zinazogusa maji. Hizi zinapigiliwa kwenye mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na kwenye mataruma, ambayo ni kama mbavu. Ndizo zinazozuia maji. Ya pili ni mbao za kukanyagia, zinazolazwa juu ya mataruma ili mtu apate pa kusimama na samaki wapate pa kukaa. Hizi kazi yake si kuzuia maji hata kidogo. Katikati ya hizo mbili kuna nafasi, na hapo ndipo maji machache yanayopenya hukusanyika yakumbwe. Watu wa pwani huiita ngama, na hakuna nahodha anayekaa siku nzima bila kutaka kujua ngama yake ikoje.

Sasa ukiziba mbao za kukanyagia, maji bado yanaingia kwa chini. Umeondoa tu mlango wa kuyaona na wa kuyatoa. Na maji yaliyofichika ni mabaya kuliko mzigo. Akina mama mnajua vizuri: mtungi uliojaa kabisa hadi mdomoni unatulia kichwani, lakini beseni pana lenye maji nusu ukipiga hatua moja vibaya maji yote yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta nayo. Hivyo ndivyo mashua ile ilivyolala. Kila ilipoinama kidogo, maji yalikimbilia huko huko ilikoinama.

Halafu kuna kuoza. Mbao iliyo ndani ya maji wakati wote haiozi upesi, na iliyo kavu haiozi. Inayooza ni ile yenye unyevu, joto na hewa kidogo isiyotembea, na hapo ndipo tulipoyafungia mataruma. Mawili yalikuwa laini, kidole gumba kinaingia. Fundi alisema huenda yalianza kuoza zamani, lakini lami yetu ndiyo iliyoyaficha. Na simenti? Mbao hupanuka na kunywea, tena hujipinda mawimbi yanapoipiga. Simenti haipindi. Inapasuka, inashika unyevu nyuma yake, na inabaki pale kama kidonda kilichofungwa na uchafu ndani.

Kina mama wa Kimaasai hapa kwetu wangenifundisha haya bure kama ningewauliza. Mvua ikianza kuvuja ndani ya nyumba, mama hapaki samadi kwenye dari akiwa amelala. Anatoka na mvua yake, anapanda juu ya paa, anatafuta ufa ulipo na kuuziba kwa nje. Mambo ni yale yale. Maji huzuiwa upande yanakotoka.

Basi tulianza upya, na safari hii nilinyamaza nikaangalia. Mashua ilivutwa nchi kavu ikawekwa juu ya magogo, juu kiasi cha mtu kuweza kuingia chini yake kwa magoti. Mbao zote za kukanyagia zilitolewa. Ikaachwa ikauke. Kisha fundi akamwaga ndoo kadhaa za maji ndani, akaingia chini na kipande cha chaki, na kila palipodondoka tone akaweka alama. Gharama yake ni chaki tu! Tuliona kwamba uvujaji mwingi haukuwa kwenye mbao mpya zenyewe, ila kwenye maungio, kwenye misumari, na pale mbao mpya zilipokutana na za zamani. Kabla hamjanunua hata msumari, fanyeni hivi.

Kuhusu mbao, kosa la bei rahisi ni kununua mbao mbichi. Zamani mashua nyingi za ziwani zilikuwa za mvule, na mvule hudumu miaka mingi, lakini sasa umekuwa adimu na bei yake haishikiki. Vikundi vingi hutumia saiprasi au grevilea. Hazidumu kama mvule, lakini zinafaa zikiwa kavu, zikiwa zimetoka sehemu ya ndani ya mti na si ile nyeupe ya karibu na ganda, na zisiwe na macho makubwa. Mbao mbichi ukiipigilia leo inanywea baadaye, na kila ungio linafunguka. Zipangeni kivulini, vijiti katikati ya kila mbao ili hewa ipite, na juu yake kitu cha kuzuia mvua. Mbao laini ya inchi moja itataka miezi miwili mitatu, mbao ngumu hata mwaka. Kujua kama imekauka, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao na ukipime kwa mizani ya dukani kila Jumamosi. Kikiwa bado kinapungua uzito, bado kina maji. Kikiacha kupungua, anzeni kazi.

Duka la vifaa vya ujenzi watawaambia mchukue ile plaiwudi inayoitwa marini. Hapa Kitengela imejaa kila mahali kwa sababu mafundi wa nyumba wanaitumia kushikilia zege ya silabu. Jina lisiwadanganye. Ile imetengenezwa kwa kazi ya zege, na ndani yake mara nyingi kuna mapengo na mbao hafifu. Kwa sakafu ya kukanyagia inaweza kufaa kwa muda, lakini kwa mbao za chini, hapana. Na hata hapo juu, udhaifu wake uko ukingoni. Ukiikata kwa msumeno, ule ukingo uliokatwa unakunywa maji kama sifongo na tabaka zinaachana. Pakeni kingo rangi mara tatu, kila mara mkingoja ikauke, na kila tundu la skrubu lipakwe ndani pia.

Jambo hilo la ukingo linahusu mbao za kawaida vilevile. Mti ulipokuwa hai ulikuwa unapandisha maji kutoka mizizini hadi majani, na njia zile bado zimo ndani ya ubao kama mirija. Ukikata ubao, mdomo wa mirija yote uko kwenye ncha. Ndiyo sababu ubao huanza kuoza nchani. Pakeni ncha kwanza, mara mbili au tatu, na pakeni ubao pande zote nne kabla ya kuupigilia. Ukishapigiliwa kwenye taruma, ule upande wa ndani hamtauona tena.

Sasa kuziba kwenyewe, na hapa ndipo pwani walipotutangulia kwa mamia ya miaka. Huko Lamu, kwenye kijiji cha Matondoni kinachojulikana kwa ufundi wa majahazi, na sehemu nyingine nyingi za pwani yetu, kazi hii inaitwa kukalafati. Mbao zinakutana kwa karibu sana upande wa ndani, lakini upande wa nje fundi anaacha ungio limefunguka kidogo, kama unene wa sarafu. Anachukua pamba, anaisokota iwe kama uzi mnene wa penseli, anailowesha mafuta ya nazi, na kuiingiza kwa patasi butu na nyundo. Hata shingo ya msumari inazungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kuzama. Mbao za nje hupakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na harufu yake aliyewahi kuisikia haitaki kuelezwa. Sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa. Kazi ya deheni baharini ni pia kumzuia mdudu anayetoboa mbao. Ziwani mdudu yule hayuko, lakini deheni bado inafukuza maji.

Ajabu ya pamba ni kwamba haizibi peke yake. Mashua ikiingia majini, pamba inavimba na mbao zinavimba, zinabanana. Kwa hiyo msishindilie kwa nguvu zote. Fundi wetu alimpokonya kijana mmoja nyundo kwa sababu alikuwa anapiga kama anachimba mtaro. Pamba ikiwa imejazwa mno katika mbao kavu, siku mbao zitakapovimba zitakosa pa kwenda na zitang'oa misumari. Tabaka mbili nyepesi zinatosha, na pamba ibaki ndani kidogo ya uso wa ubao ili kinachopakwa juu kipate pa kushika.

Pamba tuliipata bila kununua. Mwanachama mmoja anafanya kazi ya kushona, akaleta mabaki ya vitambaa. Lakini siku hizi kitambaa kingi kina nailoni, na nailoni haivimbi. Choma uzi mmoja kwa kiberiti: wa pamba unawaka na kuacha jivu, wa nailoni unayeyuka na kuacha kitone kigumu. Nusu ya mfuko ule tuliutupa. Godoro la zamani la pamba ni zuri zaidi, mkilianika kwanza.

Baada ya pamba kuna njia mbili, nanyi chagueni moja, msichanganye. Njia ya pwani ni ya mafuta: pamba yenye mafuta, kisha chokaa iliyochekechwa vizuri ikikandwa na mafuta ya ng'ombe mpaka iwe laini kama ugali wa mgonjwa, ipakwe ingali na joto. Mafuta ya ng'ombe hapa Kitengela, penye vichinjio, si shida kupata kwa bei ndogo. Yayeyusheni juu ya makaa, si juu ya moto unaowaka, na watoto wakae mbali, kwa sababu yakimwagika kwenye moto yanalipuka. Deheni haidumu. Inatakiwa kurudiwa kila baada ya miezi michache, kwa hiyo inawafaa wenye muda na mikono mingi. Njia ya pili ni ya lami: pamba inachovywa kwenye rangi ya lami badala ya mafuta, na mbao za chini zinapakwa rangi hiyo hiyo kwa nje, mara mbili, juu ya mbao kavu iliyopigwa msasa. Hii ndiyo tuliyotumia. Ukipaka lami juu ya mafuta haitashika, itabanduka kama ganda la ndizi.

Kuna wanaotumia mafuta ya linsidi kwa mbao za ndani, na ni mazuri yakipunguzwa na tapentaini kidogo. Lakini matambara mliyopakia msiyakunje na kuyatupa pembeni mwa stoo. Yanapokauka yanatoa joto lake yenyewe na yanaweza kushika moto bila mtu kuwasha kiberiti. Yatandazeni nje au yazamisheni kwenye ndoo ya maji. Mafuta machafu ya gari, ambayo kila mtu atawashauri kwa sababu ni ya bure, yaacheni. Yanachafua maji mnayoyanywa na samaki mnaowauza, na baada yake hakuna rangi itakayoshika ubao ule milele.

Vibati vya mikebe vinavyopigiliwa juu ya maungio, kama mnavyoviona kwenye mashua nyingi za ziwani, sina ugomvi navyo. Kwa kiraka cha haraka vinasaidia, kukiwa na kitambaa na lami chini yake. Shida ni kwamba kila kibati kina misumari ishirini, yaani matundu ishirini mapya, na kinaficha kuoza kama sakafu yetu ilivyoficha. Vibandueni mara moja kwa mwaka mtazame.

Mkiniuliza pesa kidogo iende wapi, nitasema kwanza kwenye mbao kavu, pili kwenye misumari ya zinki. Msumari mweusi wa kawaida unapata kutu, kutu inakula mbao kuuzunguka, na tundu linakuwa kubwa kuliko msumari. Toboeni kwanza kwa keekee ndogo ili ubao usipasuke, hasa karibu na ncha. Rangi ije mwisho. Tulipofanya mara ya kwanza tulianza na rangi, kwa sababu rangi ndiyo inayoonekana na wageni.

Mbao za kukanyagia zilirudishwa zikiwa vipande vifupi, nafasi ya kidole katikati yake, bila msumari hata mmoja. Zinashikiliwa na vijiti vinavyogeuzwa kwa mkono, na mtu mmoja anaweza kuinua kipande gizani. Juu yake tulipaka rangi na kunyunyiza mchanga mkavu ingali mbichi, ili mguu wenye magamba ya samaki usiteleze. Kopo la kukumbia maji limefungwa kwa kamba pale pale. Wasimamizi wa bichi waliitwa waitazame kabla ya kurudi kazini, na majaketi ya kuokolea maisha yakahesabiwa.

Siku ya kuirudisha majini mweka hazina alisafiri mwenyewe kutoka Noonkopir. Ilivuja! Maji yaliingia karibu kila ungio, na alinipigia simu akilia kwamba pesa imekwenda tena. Fundi akachukua simu na kunieleza polepole, kama mtu anayezungumza na mtoto, kwamba mbao kavu lazima inywe kwanza. Waliifunga penye maji mafupi, wakaiacha ijae, wakalala. Kesho yake waliikumba, ikaingia nusu ya ile ya jana. Siku ya tatu, asubuhi, waliinua ubao wa kukanyagia na kukuta maji ya kiasi cha vikombe viwili.

Sasa mashua ikipumzika inafunikwa turubai, kwa kuwa maji ya mvua yakikaa ndani yanaozesha kuliko ya ziwa yaliyo nje. Katika daftari la kikundi kuna ukurasa mpya wenye safu mbili, tarehe na idadi ya makopo yaliyokumbwa asubuhi. Kijana mmoja huituma kila Jumapili pamoja na pesa. Wiki iliyopita yaliandikwa makopo matatu. Wiki hii yameandikwa saba, na fundi ameshaambiwa aende na chaki yake.